Gari linachelewa kuchomoka ukikanyaga mafuta: pima kabla hujanunua spea

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na huja kwa maneno yaleyale: "Nakanyaga mafuta, gari linafikiria kwanza ndipo liende." Anayeuliza mara nyingi ana Vitz, Fielder, Demio au Note iliyotoka Japani miaka michache iliyopita. Anapanda Waiyaki Way kutoka Westlands kuelekea Kangemi, matatu zinampita, naye ameshabonyeza pedali mpaka sakafuni. Swali la pili hufuata papo hapo: "Ninunue plagi ama pampu?"

Usinunue chochote bado. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kununua. Gari langu la injini ya 1500 lilianza kusitasita kila nikikanyaga mafuta, nikalipeleka gereji moja. Walibadilisha plagi, wiki iliyofuata koili zote nne (zinazozipa plagi umeme), kisha pampu ya petroli. Nililipa mara tatu na gari likabaki vilevile. Kosa lilikuja kuonekana kwa tochi ya simu: mpira wa hewa unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali usipopaona ukisimama mbele ya boneti. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta, ufa ulijifunga. Nikikanyaga, injini ilijipinda kidogo kwenye vishikizo vyake na ufa ukafunguka. Hakuna plagi inayotibu mpira uliopasuka.

Mwongozo huu ni wa gari la petroli lisilo na turbo, lenye pedali ya umeme, kama yalivyo mengi yanayoingia kutoka Japani siku hizi. Wenye turbo na wenye dizeli nimewawekea maneno machache mwishoni.

Kwanza, jua uko mwinuko gani

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Limuru inapita mita 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Kama gari lako liliwasili bandarini, likakupendeza pale, kisha likawa zito lilipofika huku, sehemu ya uzito huo si ugonjwa. Gari la injini ya 1000 lenye abiria wanne na eya kondishena ikiwa inafanya kazi litapanda polepole hata likiwa zima kabisa.

Tofauti ni hii: mwinuko hulifanya gari liwe na nguvu kidogo siku zote, bila kubadilika. Haulifanyi lisitesite, lirukeruke, wala liwe zito mwezi huu kuliko mwezi uliopita. Ukiona mabadiliko, endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo

- Skana ndogo ya bluetooth aina ya ELM327 na simu yenye programu ya kuisoma. Tahadhari: baadhi ya magari ya soko la Japani, hasa ya zamani, hayaongei na skana hizi za bei nafuu. Ijaribu kwenye gari lako kabla hujailipia.
- Kipima upepo wa tairi.
- Tochi, bisibisi, spana namba 10, na soketi ya plagi (magari mengi ya Japani ni milimita 16, mengine mapya ni 14).
- Dawa ya kusafishia throto (mlango unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini), na dawa nyingine ya kusafishia sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia). Ni makopo mawili tofauti. Usikubali kuambiwa moja linatosha.
- Kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na glavu.
- Daftari. Andika kila kipimo.

Kazi hii ifanyie nje. Wengi wetu tunaegesha chini ya maghorofa ya Kilimani, Kileleshwa na kwingineko, ambako hewa haizunguki. Moshi wa gari una gesi isiyonuka inayoua. Usiache injini ikinguruma humo ukiwa umeinama kwenye boneti. Na injini ipoe kwanza kabla hujafungua chochote.

Hatua

1. Angalia vitufe na zulia. Usiiruke hatua hii hata kama unajiona mjuzi. Magari ya Japani huja na kitufe cha ECO, na mengine yana SNOW. ECO hufanya pedali iwe nzito kuitika: unakanyaga nusu, kompyuta inafungua throto robo. SNOW humfaa mtu anayeondoka kwenye theluji, ambayo hatuna. Kizime. Kama gia ya otomatiki ina kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya juu kabisa), taa ya "O/D OFF" isiwe imewaka unaposafiri kawaida. Kisha chungulia miguuni: zulia lililonunuliwa barabarani likiwa nene huzuia pedali isifike chini. Litoe kabisa, ujaribu.

2. Hakikisha hakuna kinacholishika gari. Pima upepo wa tairi zote zikiwa baridi na ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo huandikwa kati ya psi 32 na 35. Kisha egesha mahali tambarare, weka N, achia breki ya mkono na usukume. Gari dogo mtu mzima mmoja anapaswa kulisogeza peke yake. Likigoma, endesha dakika kumi na tano bila kutumia breki sana, simama, na sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa moto kuliko wenzake, kalipa au kebo ya breki ya mkono imekwama pale. Gari namna hiyo hunywa mafuta, linavuta kwa shida, na watu huishia kulaumu injini.

3. Tenganisha injini na giaboksi. Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Tafuta mpando ambao utautumia kila mara, asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa tupu, na uwe na abiria wa kuhesabu sekunde. Ukiwa 40 kwa saa, kanyaga mpaka chini na mhesabu mpaka 80, pale sheria inaporuhusu mwendo huo. Dereva macho barabarani. Abiria ndiye anayetazama mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika).

Kama mshale unapanda kwa kujikokota na gari pia linajikokota, injini ndiyo haina nguvu. Nenda hatua ya 4.

Kama mshale unaruka juu haraka, injini inalia, lakini mwendo hauongezeki, nguvu ipo ila haifiki kwenye magurudumu. Kwa gari la gia za mkono, hiyo ni klachi inayoteleza. Kwa otomatiki, anza na kiwango na rangi ya oili ya giaboksi.

Wenye CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), sikilizeni hapa, maana ninyi ndio mnaoogopa bure. CVT nzima hupandisha mshale kwanza, kisha mwendo unaufuata, ndivyo ilivyotengenezwa. Ugonjwa ni mshale unaopanda na kushuka wenyewe huku mguu ukiwa umetulia, au gari linalotetemeka likiondoka. Na oili yake ni ya CVT, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Nimeona CVT iliyojazwa oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu". Giaboksi hiyo haikumaliza muda.

4. Soma kompyuta kabla hujafungua chochote. Taa ya injini isipowaka haimaanishi hakuna kumbukumbu ya kosa. Andika namba zote kabla ya kuzifuta. P0171 inasema petroli ni kidogo kulinganisha na hewa. P0300 ni silinda kukosa moto (petroli haiwaki) bila mpangilio, na P0301 mpaka P0304 hutaja silinda yenyewe. P0101 na P0102 ni sensa ya hewa. P2135 ni sensa za throto ambazo hazikubaliani, na hiyo mara nyingi huliweka gari katika hali ya kujilinda: utakanyaga na halitaitika kabisa.

Namba ya kosa haikuambii ununue sensa iliyotajwa. Inakuambia mahali pa kuanza kutazama. P0171 inaweza kuletwa na mpira wa hewa uliopasuka, sensa chafu au pampu iliyochoka, na hakuna sensa ya "0171" dukani.

Kuna kipimo kimoja watu wa Nairobi hukisoma vibaya. Switchi ikiwa imewashwa na injini haijawashwa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, kinachoandikwa MAP au BARO, hapa mjini huwa kati ya kPa 81 na 84. Video nyingi zitakuambia lazima iwe 100. Zilirekodiwa karibu na bahari. Ukiona 100 ukiwa Nairobi, hapo ndipo sensa inapokosea.

5. Fuata njia ya hewa, kutoka pua mpaka injini. Hapa ndipo ninapokutana na makosa mengi zaidi, kwa hiyo nenda taratibu.

Fungua boksi la filta. Ishike filta uielekeze juani. Kama mwanga haupenyi, ibadilishe. Anayeishi kwenye barabara za vumbi, Ruai, Kitengela au Rongai za ndani, asingoje kilomita zilizoandikwa kitabuni. Ukiipuliza, puliza kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kwa upepo mdogo. Ukiipuliza kinyume unasukuma vumbi ndani zaidi. Hakikisha pia boksi limefungwa kotekote; klipu moja iliyovunjika inatosha kuingiza vumbi kwenye sensa.

Kagua mpira wa hewa wote, hasa mikunjo yake. Ukunje, uupinde, mulika chini yake. Vibano viwe vimekaza. Vuta kidogo kila mpira mwembamba unaoingia kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda); uliokauka utapasuka mkononi mwako, na ni heri upasuke leo.

Sensa ya hewa imekaa baada ya filta, na skrubu mbili. Chomoa plagi yake ya umeme, ifungue, ipulizie dawa yake mara kadhaa, iache ikauke yenyewe. Usiguse waya wake kwa kidole wala pamba, na usitumie dawa ya throto wala petroli.

Throto nayo hujikusanyia masizi meusi ukingoni mwa kile kibamba kinachofunguka. Hapo chomoa waya hasi wa betri kwanza. Pulizia dawa kwenye kitambaa, si moja kwa moja ndani, ufute ukingo. Usikisukume kibamba kwa nguvu kwa kidole. Kinaendeshwa na mota yenye gia ndogo za plastiki, na zikivunjika utanunua throto nzima. Baada ya kusafisha, injini inaweza kunguruma juu, hata zaidi ya RPM 1,000, kwa sababu kompyuta bado inakumbuka uchafu. Magari mengi hujirekebisha baada ya kuendesha kidogo. Nissan ndizo husumbua hapa: huenda zikahitaji fundi mwenye skana azifundishe upya. Ulizia hilo kabla hujaigusa.

Sasa rudi barabarani, mpando uleule, uhesabu sekunde tena. Kitu kimoja, jaribio moja. Ukisafisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa.

6. Moto. Fungua plagi injini ikiwa baridi, maana kichwa cha injini ni cha alumini na nyuzi za tundu la plagi huharibika kwa urahisi zikiwa moto. Puliza mchanga ulio kwenye shimo kabla ya kuitoa. Plagi za iridiamu hudumu karibu kilomita 100,000, lakini kwa gari la mtumba hujui zilibadilishwa lini, na mita ya kilomita ya gari la mtumba siiamini sana. Tazama rangi ya ncha ya plagi: nyeusi kavu ni petroli nyingi, nyeusi yenye mafuta ni oili inayopenya, kahawia hafifu ni nzuri.

Ukienda kununua mpya Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea ya Nairobi, muuzaji atakuuliza, "Bosi, unataka orijino ama ya kawaida?" Bandia zinauzwa pia kwenye boksi la orijino. Ncha ya katikati ya iridiamu halisi ni nyembamba kama waya, haifiki milimita moja. Ikiwa nene kama msumari, iache. Unapoirudisha, ianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo utumie spana, na usiikaze kwa hasira.

Koili usizinunue zote nne. Kama kompyuta imesema P0301, hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, futa kosa, endesha. Ikirudi ikiwa P0302, koili ile ndiyo mbaya. Ikibaki P0301, koili ni nzima. Tazama plagi au injekta. Jaribio hili halikugharimu hata shilingi, na lingeniokolea koili nne.

7. Petroli. Kwenye skana tafuta LTFT (ya muda mrefu) na STFT (ya muda mfupi). Hizi ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Zijumlishe. Kati ya -10 na +10 ni sawa. Soma injini ikinguruma tu, kisha kwenye RPM 2,500, kisha abiria asome mkipanda mlima.

Kama ni +20 injini ikinguruma na inashuka ukiongeza RPM, kuna hewa inapenya mahali. Rudi hatua ya 5 utafute mpira. Kama ni ya kawaida inaponguruma lakini inapanda sana mlimani, petroli haitoshi, au sensa ya hewa inapima pungufu. Sensa umeshaisafisha, kwa hiyo sasa ndipo unapomwomba fundi apime mgandamizo wa petroli kwa geji. Magari mengi ya injekta za kawaida huwa kati ya psi 44 na 50. Namba kamili iko kwenye kitabu. Usifungue paipu ya petroli mwenyewe: ina mgandamizo, na tone moja kwenye injini ya moto linatosha kuchoma gari. Kwenye magari mengi ya Japani filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo mwambie abadilishe filta kwanza na apime tena kabla ya kukuuzia pampu.

Kama tatizo lilianza siku uliyojaza mafuta, usifungue chochote. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini igonge na kukosa nguvu. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kukomesha mchezo huo, lakini bado nahifadhi risiti za petroli. Maliza tangi hilo polepole, jaza kwingine, kisha pima.

8. Ekzosi. Katalitiki (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) iliyoziba hulifanya gari liende vizuri mwendo mdogo na kugoma juu, kama mtu anayekimbia amefunikwa mdomo. Injini haipiti RPM 3,000 hivi hata ukikanyaga, na huenda ukasikia harufu ya yai viza. Fundi aipime kwa geji kupitia tundu la sensa ya oksijeni. Ukiambiwa "tuitoboe tu", uliza kwanza kwa nini iliziba. Mara nyingi ni silinda iliyokuwa ikikosa moto kwa miezi, na hata mpya itakufa vivyo hivyo.

Ukikwama

*Linasitasita asubuhi, likipata joto linapona.* Anza na plagi na throto, kisha tazama kipimo cha joto la maji kwenye skana. Asubuhi injini baridi isomeke karibu sawa na hali ya hewa. Ikisema nyuzi 80 kabla hujawasha, sensa inaidanganya kompyuta.

*Linakuwa zito wakati wa mvua tu.* Koili yenye ufa, au maji yanayoingia kwenye mashimo ya plagi. Walioosha injini kwa mashine ya presha wanalijua hili.

*Linakosa nguvu chini lakini juu linachomoka.* Angalia kiwango na hali ya oili ya injini. Vali za kubadilisha muda wa injini hufanya kazi kwa oili. Ikiwa tope, hukwama.

*Pedali haiitiki kabisa na taa imewaka.* Simama pembeni salama, zima, subiri kidogo, washa. Likirudi sawa bado soma namba ya kosa. Usiingie nalo Thika Road hivyo.

*Lina turbo.* Kabla ya kuilaumu turbo, kagua mipira yote kati yake na injini. Ukisikia mluzi au kupumua unapokanyaga, umeshapata.

*Dizeli.* Filta ya dizeli na maji yake kwanza, kisha masizi kwenye EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini).

*Nimefanya yote, bado.* Nenda kwa fundi ukiwa na daftari. Umwambie: "Fundi, mpando huu kutoka 40 hadi 80 ni sekunde 14, mwezi uliopita zilikuwa 10. LTFT ni +3 likinguruma, +18 mlimani. Sensa ya hewa nimeisafisha, koili nimezihamisha, kosa halikuhama. Nataka unipimie mgandamizo wa petroli kabla ya kubadilisha chochote." Akikataa kupima na kuanza kukutajia bei ya pampu, funga boneti uende kwa mwingine.